Regina Halizwi na Kitunguu

Muhidini alitoka Iringa mjini na hesabu yake kichwani: filamu ya mapenzi inataka machozi, machozi yanataka kitunguu, na kwetu Ruaha Mbuyuni vitunguu vimejaa mpaka kando ya lami. Akaja na kamera ya kuazima, ambayo jioni ilikuwa inasubiriwa kwenye sendoff ya watu, kumuaga bibi harusi.

Mimi nikapewa nafasi ya baba wa msichana. Nina miaka ishirini na mbili, lakini nilibandikwa ndevu za pamba nikatulia. Usanii ni kujitolea. Msichana mwenyewe akawa Regina, jirani yangu, ambaye tangu darasa la nne anaigizia mbuzi wa kwao. Kijiji kizima kilishatangaziwa. Mama yake alishaenda kusuka.

Tatizo, Regina hakulia.

Katika hadithi ya Muhidini, kijana anamwacha msichana na kumfuata mwanamke tajiri wa mjini. Msichana analia, anakimbiza pikipiki, anaanguka, halafu anasubiri miaka mitatu na kanga ileile.

"Hiyo miaka mitatu anakula nini?" nikauliza.

"Baba wa msichana hana maneno hapo," Muhidini akanijibu. "Nyamaza."

Akakata kitunguu, akamsogezea Regina puani. Regina akakitazama kama mtu anayemtazama ndugu yake. Huyu amekulia kwenye vitunguu, anakata majani yake tangu hajang'oka meno ya utoto! Muhidini akakata cha pili, cha tano, akajaza beseni. Wapi!

"Fikiria jambo la kusikitisha. Mpenzi wako anaondoka."

"Anaondoka na nini?"

"Na... na begi lake."

"Si ni lake, kaka Muhidini?"

Wanawake waliokuwa wanachambua vitunguu pembeni wakaangua kicheko. Muhidini hakucheka. Akatoa simu.

"Ruwaida yuko kwenye basi, anakuja. Yule ukimwambia lia, analia. Akifika wewe bado mkavu, nafasi ni yake."

Regina akanivuta kando. Utani ulikuwa umemwisha usoni. "Nashoni, nikinyang'anywa hii, nitapita wapi hapa kijijini?"

"Nikufinye?"

"Nifinye."

Nikamfinya. Akanizaba kofi, ndevu zikahamia shavuni. Chozi hakuna.

"Mara ya mwisho!" Muhidini akaita.

Hamza, kijana mwenye kazi ya kuacha watu, akavuliwa miwani yake nyeusi kwa sababu kamera ilikuwa inajiona humo. Akabeba beseni mwenyewe, akaliweka chini kati yake na Regina. Upepo wa mtoni ukavuma, ukampelekea Hamza ukali wote wa vitunguu.

"Usinilaumu, Regina," akaanza. "Moyo wangu um... umehama."

Pua ikaanza kuchuruzika. Akajifuta macho kwa mkono uleule wa vitunguu. Mama yangu! Machozi yalitoka kama maji ya bomba lililopasuka.

Zamu ya Regina. Alitakiwa aseme, "Nitakusubiri hata miaka mia." Lakini alipomwona mwenzake alivyo, huruma ikamshika kweli. Akampa ncha ya kanga.

"Sasa wewe ndiye unayeondoka, mbona unalia wewe?"

"Sijui," Hamza akajibu, na hilo halikuandikwa popote.

"Penga. Haya, moyo umehama, na begi lihame. Ila ukirudi usinitafute hapa mlangoni. Nitakuwa shambani."

Muhidini alisahau kusema "kata". Nilipogeuka, mama mmoja kati ya wale wachambuaji alikuwa anajifuta macho, na kwa mama yule huwezi kusingizia kitunguu.

Simu ikalia. Ruwaida ameshuka stendi. Muhidini akairudisha picha, akaitazama, akaitazama tena. Regina alisimama akizungusha pindo la kanga kidoleni.

"Njoo tu," Muhidini akamwambia Ruwaida. "Utakuwa yule tajiri."

"Nalia wapi?" sauti ikauliza.

"Hulii. Analia Hamza."

Regina alipiga kelele mpaka mbuzi wakageuka.

Tukapiga ile sehemu ya pikipiki, safari hii kwa kubadilishana nafasi. Regina akapanda nyuma, Hamza akakimbiza akilia, akaanguka kwenye mfereji, na hapo hakuigiza. Muhidini akapaza sauti, "Regina, geuka umtazame!"

Hakugeuka. Alisema ana vitunguu vya kuanua.