Mkia wa Ujumbe wa Jinja

Adrisi aliwaambia watu wa mtaa wake wa Namatala kwamba jeshini, kabla ya serikali kupinduliwa mwaka 1979, alikuwa mpishi. Ulikuwa uongo mzuri, kwani hakuna anayemuuliza mpishi alimpikia nani. Aliutunza miaka kumi na saba, na mwaka 1996 uongo huo ndio uliompatia kazi ya ulinzi kwenye ghala la dawa mjini Mbale. Meneja alisema wazi kwamba askari wa zamani wenye siri hawataki, ila mpishi ana ubaya gani?

Kisha akaja Lillian, injinia wa kompyuta kutoka Jinja, na masanduku manne. Ghala la Mbale lilikuwa likiagiza dawa Jinja kwa simu ambayo hufa kila mvua inaponyesha. Lillian alitaka kompyuta ya huku izungumze na ya kule kwa redio, bila simu kabisa. Programu aliiandika mwenyewe kwa miezi saba. Kompyuta yenye ujumbe husikiliza kwanza kama hewa ni tupu, hurusha, kisha hungoja jibu la "imepokelewa". Jibu lisipokuja, huhesabu sekunde kumi na tano na kurusha tena. Ikishindwa mara ishirini, huacha mpaka zamu inayofuata. Mezani kule Jinja ilikwenda bila kosa.

Mbale ilikataa. Saa mbili kamili asubuhi, na tena saa sita mchana, kila kituo kilituma ujumbe wake, na hakuna uliofika. Lillian alibadilisha nyaya, akampandisha Adrisi juu ya bati kukaza antena, akabadilisha nyaya tena. Wafadhili walikuwa waje Ijumaa. Wakikuta kimya, masanduku yangehamishiwa wilaya nyingine.

Adrisi alijua kosa tangu siku ya pili. Alikuwa akifagia baraza, dirisha liko wazi. Redio yao ilinguruma, ikanyamaza, na papo hapo ukasikika mkia mfupi wa sauti nyingine, ukakatika. Mkia ule aliufahamu kuliko sauti ya mkewe. Akaendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi, maana mpishi hawezi kujua jambo kama hilo.

Alhamisi asubuhi Margret, muuguzi wa zahanati ya Nakaloke, alikuja kwa boda boda kuchukua kwinini kwa mara ya pili, akarudi mikono mitupu kwa kuwa maagizo hayajafika Jinja. Adrisi alimfungulia geti, akalifunga, akasimama hapo kidogo. Kisha akaingia ofisini na ufagio wake.

"Madamu, hii mbili inasema pamoja," alisema. "Yetu ikinyamaza, mimi nasikia mkia ya Jinja."

Lillian alikaa kitako. Saa za kompyuta zote mbili alikuwa amezipatanisha kwa mlio wa redio unaotangaza saa, sekunde kwa sekunde, na akajisifu. Basi zote zilisikiliza pamoja, zikakuta hewa tupu pamoja, zikarusha pamoja, na anayerusha hasikii. Kisha zote zikahesabu kumi na tano, zikagongana tena, mpaka mara ishirini. Mezani siku zote moja ilikuwa ikituma na nyingine ikipokea, ndiyo maana hakuliona kosa.

Akamuuliza Adrisi wao jeshini walifanyaje redio zikigongana. Adrisi akaeleza kwamba kila kituo kilikuwa na namba yake: mkigongana, unahesabu namba yako kimya ndipo useme, na kituo cha mkubwa kilikuwa na namba moja. Lillian alisema yeye hataki mkubwa hewani. Kompyuta ya Mbale ingepiga kura kila mara, iangukie idadi yoyote ya kungoja kati ya sekunde tano na thelathini, na ya Jinja ingebaki na kumi na tano zake. Alibadilisha mistari michache ya programu, na ilipofika saa tano na nusu hawakuwa na la kufanya ila kungoja.

"Wewe hukuwa mpishi," alisema Lillian.

"Hapana, madamu. Nilikuwa mtu ya redio."

Lillian alitazama mikono ya Adrisi. Akasema baba yake alichukuliwa na askari kazini Jinja mwaka 1977, yeye akiwa na miaka tisa, na mpaka leo hakuna aliyewaambia lolote. Jina lake Geresom Waiswa. Halafu akauliza kama redioni walikuwa wakituma majina ya waliochukuliwa.

"Tulituma namba," Adrisi alisema. "Jina ilikaa kwa karatasi ya wakubwa. Lakini nilijua namba ni watu. Nilisikia, nikajibu nimepokea. Kila mara."

Alingoja afukuzwe, lakini Lillian hakumfukuza, wala hakumwambia neno la kumfariji.

Saa sita redio zilinguruma pamoja, zikanyamaza. Mbale ilipiga kura, ikapata ishirini na mbili. Kwenye kumi na tano Jinja ikarusha peke yake, na maandishi yakashuka kwenye kioo mstari kwa mstari. Kompyuta ikajibu yenyewe: imepokelewa. Adrisi aliangalia pembeni.

Lillian hakushangilia. Alivuta karatasi ya ripoti ya meneja, akaandika tarehe na kosa, kisha kalamu ikasita.

"Hapa wanauliza nani aligundua," alisema. "Nikiandika mlinzi, hakuna atakayeuliza zaidi."

Adrisi alifikiria geti, mshahara, na majirani wa Namatala.

"Andika Adrisi, mtu ya redio," alisema. "Na chini yake andika alikuwa kambi gani, mwaka gani. Watu wako wakitaka kuuliza, wajue pa kunikuta."