Dorothée Ashika Mikro

Mjukuu wangu Dorothée walimtoa kwenye banda la video la Papa Wilfried kwa sababu alimsahihisha mtafsiri. Filamu ilikuwa ya Abidjan, inaongea Kifaransa, na Jamil ameshika mikro akiwaelezea watu kwa Kiswahili. Mwigizaji, yule mrembo ambaye sura yake imechorwa kwenye kila saluni ya Kalemie, akamwambia mumewe, "Nimechoka kupigwa." Jamil akatafsiri, "Ninataka gari mupya!" Banda zima likacheka. Dorothée akapanda juu ya benchi: "Hakusema hivyo!" Wakamsukuma nje.

Alinieleza yote nikichambua mchele, akiniita Kambo, ndivyo huku tunavyomwita bibi.

"Kambo, mwanaume akiwa nyota wanahesabu filamu zake. Mwanamuke akiwa nyota wanahesabu mabwana zake. Na katika filamu wanamupa maneno kidogo tu, kilio njo kingi. Sasa Jamil anamunyang'anya hata hayo kidogo!"

Mimi nimeishia shule ya msingi, kwa masista wa Mpala, lakini hilo liliniingia.

Mwezi ukawa mkubwa. Usiku wa mbalamwezi ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, hawafuati taa za mitumbwi, basi wavuvi wanabaki mjini na banda linajaa. Wiki hiyohiyo sauti ya Jamil ikakauka kabisa. Papa Wilfried akaja kwetu, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mama Rosine, mutoto wako anajua Kifaransa."

"Anajua. Ulimufukuza nacho."

"Unisamehe, mama. Leo mchana ashike mikro. Lakini watu wakiinuka kabla filamu haijaisha, hatashika tena."

Dorothée alikuwa mlangoni na ndoo ya maji kichwani, amesahau kuitua. Hapo nikajua anavyoitaka ile mikro.

Nikavaa kitenge changu cha Noeli, nikaenda naye. Ndani kulikuwa na harufu ya petroli na karanga za kukaanga. Jamil alikuwa benchi la mbele, kitambaa shingoni, kikombe cha tangawizi mkononi, anangojea aone mtoto akianguka.

"Mwanamuke!" mvuvi mmoja akapiga kelele. "Leo tutafundishwa sala!"

"Papa, kaa kwanza, utaungama nikimaliza," Dorothée akajibu. Mikro ikaikuza sauti yake mpaka mimi mwenyewe nikashtuka. Watu wakacheka, naye akaanza.

Jamani, mtoto anajua! Mama mkwe wa kwenye filamu, Dorothée alimpa sauti ya Mama Bertille anayeuza ndagala bandarini, hata anavyovuta maneno puani. Banda likapiga miguu chini. Jamil akacheka bila sauti, tangawizi ikamwagika.

Kisha mume kwenye filamu akampiga kofi mkewe, yule yule mrembo wa kwenye saluni. Hapo njo Jamil anapotia mzaha siku zote, na watu walikuwa wameshafungua vinywa kungojea. Dorothée akanyamaza. Kofi likasikika lenyewe.

"Tafsiri!" kijana wa pikipiki akadai.

"Hajasema kitu. Muangalie uso wake. Anafanya kazi hapo. Hiyo njo kazi yake, si nywele."

Nyuma, mvuvi mmoja mrefu akainuka. Papa Wilfried akamtazama Dorothée, na mimi nikaushika ukingo wa benchi.

"Destin," yule mvuvi akamwambia aliyekaa mbele yake, "toa kichwa chako kikubwa, na mimi nione."

Akasogea mbele, akakaa.

Pale kwenye filamu mwanamke akafuta damu mdomoni, akaongea. Dorothée hakuongeza wala kupunguza: "Nyumba hii tulijenga wote. Leo atakayetoka ni wewe." Wavuvi wakapiga miluzi. "Eh, mama! Muambie!" Hakuna aliyeondoka mpaka majina ya mwisho yalipopanda.

Papa Wilfried akaja anajikuna kichwa. "Kesho kuna ya vita. Utaweza?"

"Niletee asubuhi niiangalie kwanza."

"Jamil haangaliagi kwanza."

"Njo maana," Dorothée akasema.

Njia fupi ya kwetu inapita nyuma ya soko. Nilimwambia tupite barabara kubwa, polepole, miguu inaniuma. Miguu haikuwa ikiniuma. Kila aliyetusalimu nilimsimamisha, nikamuuliza habari za watoto wote, halafu nikamwambia, "Huyu unamuona? Njo mutafsiri wa filamu. Wa kwangu."

"Kambo, twende," Dorothée akanivuta kitenge.

"Ngoja kidogo, mutoto. Kule mbele Mama Yvette hajatuona."