Mishale ya Kupandia Tu

Mume wangu alipostaafu, kochi la sebuleni lilipata mwenyewe. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akiandika mabango ya maduka na zahanati kwa mkono, herufi zimenyooka utadhani amezipiga rula. Kisha zikaja mashine, na mwenye karakana akamuaga kwa keki na saa ya ukutani inayochelewa. Basi akakaa kochini, akawa ananihesabia magari yanayopita nje. Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi chumba cha mbele, na mtu akinipa habari za magari wakati napachika kola, damu hunichemka. Lakini nisiwe mnafiki. Kilichoniuma hasa ni kuiona mikono ile imelala mapajani saa tatu asubuhi.

Ndiyo maana mhifadhi wa vilima alipokuja kupunguziwa sare kiunoni, nilimsikiliza vizuri. Vilima vyetu si virefu. Mtu mwenye pumzi za kawaida anafika juu kwa saa mbili, na mwisho wa wiki watu huja na watoto, chupa za maji na viatu vipya vinavyowabana. Tabu ni kwamba njia za watu zimechanganyikana na za mbuzi, na wageni wanapotea. Mhifadhi alikuwa anatafuta mtu wa kupaka alama kwenye mawe.

"Ninaye," nikasema, pini zimejaa mdomoni.

Wakakubaliana mishale ya njano, njia moja kwanza iwe ya majaribio. Mhifadhi angeipita mwenyewe siku ya Jumamosi, na akiridhika, njia nyingine saba zingekuwa za mume wangu, kazi ya miaka miwili. Akawa anaondoka asubuhi na kopo la rangi, anarudi jioni ana njano kwenye nyusi, anapiga mluzi. Mluzi ule sikuwa nimeusikia tangu mapacha wetu walipokuwa shule ya msingi. Wakati wa kula ananisimulia habari za mawe: hili lina kiburi, lile linakunywa rangi kama mlevi. Kochi likabaki peke yake, na mimi nikashona wiki mbili bila kumfokea mtu.

Ijumaa asubuhi akasimama mlangoni.

"Mama Mapacha, kesho ndiyo kesho. Twende ukanikagulie. Wewe jicho lako linaona hata uzi mmoja uliopinda."

"Na sketi za watu nitamwachia nani?"

"Zitakungoja. Sketi haina miguu."

Nikafunga duka. Nilikuwa nalalamika tu kwa mazoea.

Tulipanda polepole. Njia inaanza kwenye nyasi ndefu, inaingia kwenye miti, halafu inatoka penye mawe na upepo. Na mishale, jamani! Kila penye njia panda, mshale mmoja, umekaa sawasawa, ncha kali, mkia umetulia. Nilitafuta kasoro kwa nguvu zangu zote maana ndiyo kazi niliyoitiwa, nikakosa. Nikamwambia mshale wa kumi na mbili umenenepa. Akapiga magoti kuuangalia kwa wasiwasi kweli, mpaka nikamwonea huruma nikamwambia namtania.

Juu kabisa tukala mayai ya kuchemsha na mkate. Mji wote ulikuwa chini yetu, na alinionyesha paa letu kama vile nimelisahau. Kisha akatoa simu.

"Nimpigie dereva wa hifadhi atufuate kwa barabara ya nyuma."

"Gari la nini? Mpanda ngazi hushuka," nikasema, na nikatangulia.

Hatua mia mbili tu, nikasimama. Mbele yangu palikuwa na njia tatu na jiwe moja kubwa. Jiwe halikuwa na kitu. Nikalizunguka. Mshale ulikuwa upande wa pili, mzuri ajabu, unawatazama wanaopanda. Nikaenda mpaka jiwe la chini yake, nalo vilevile. Anayeshuka alikuwa anaonyeshwa migongo ya mawe, njia nzima.

Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Kisha swali likanijia na kicheko kikakatika.

"Baba Mapacha, wiki mbili hizi wewe ulikuwa unashukaje?"

Alikuwa bado yuko juu yangu, amekamata tawi kwa mikono miwili, na mguu wa kushoto hakuutegemea kabisa.

"Goti," akasema mwishowe. "Kupanda halina neno. Kushuka linaniachia. Dereva ndiye aliyekuwa ananirudisha kila siku, nikamsihi afunge mdomo. Ningekuambia ungenifungia ndani."

Ningemfungia, ni kweli, na ukweli huo ndio ulionipandisha hasira zaidi. Nikampasha. Nikamwambia njia ya mwongo ni fupi, na yake imekuwa fupi mpaka imebaki nusu, ya kupandia tu! Nikamwuliza angelala porini mguu umevunjika ningeambiwa na nani, na mbuzi? Nilisema mengi. Yeye aliketi kwenye jiwe akaniacha nimalize.

"Kesho mhifadhi atashukia hapahapa," akasema. "Ataona. Nikikosa kazi hii narudi kwenye kochi, na mimi, mke wangu, lile kochi naliogopa."

Miaka thelathini na minne ya ndoa, sikuwahi kumsikia akitaja kitu anachokiogopa. Nilimpenda kuliko siku zote, na bado nilikuwa na hasira naye.

"Rangi ipo?"

"Kopo zima. Nilibeba ya kurekebishia."

"Nyanyuka basi. Saa nane hii, jua halitungoji."

Mshale wa kwanza nilipaka mimi ili yeye apumzike. Alipouona akaninyang'anya brashi, akaufuta kwa kitambaa. Tukagawana kazi. Mimi natangulia kuchagua jiwe ambalo anayeshuka ataliona, narudi kumchukua, ananishika bega, tunateremka mpaka hapo, anakaa, anapaka. Tulikwenda hivyo mawe thelathini na nane. Goti lilimwachia mara tatu. Mara mbili nilimdaka, na ya tatu tukaanguka wote, tukakaa chini kwenye nyasi tukicheka na kulaumiana. Tulipofika chini giza lilikuwa linaingia, na blauzi yangu ilikuwa na viganja vya njano begani ambavyo havikutoka tena.

Kesho yake mhifadhi alipanda nasi, kitambulisho shingoni na daftari mkononi. Kila mshale aliutikisia kichwa. Tulipofika juu hakungoja hata tukae.

"Mzee wangu, sina la kuongeza. Njia saba zote ni zako. Tushuke sasa."

Kazi ilikuwa imeshapatikana. Mume wangu angeweza kusema anabaki kupunga upepo, dereva akaja kwa nyuma kama siku zote. Mimi nilikuwa tayari kumtetea kwa uongo wowote ambao angeuchagua. Yeye akavua kofia.

"Usiandike kwanza, mwanangu. Goti langu bovu. Kupanda napanda, kushuka siwezi bila kushikwa. Nilikuficha, na mke wangu nilimficha."

Mhifadhi akatazama goti, kisha akanitazama mimi.

"Na huko njia saba atakushika nani?"

Mume wangu akainamia viatu vyake. Swali hilo hakuwahi kuniuliza, na niliona kwamba hakuwa na ujasiri wa kuliuliza mbele ya mgeni.

"Jana nilimdaka mara mbili," nikasema. "Ijumaa na Jumatatu duka langu litafungwa."

"Mara ya tatu tulianguka wote," akasema yeye, mkweli wa ghafla.

Mhifadhi akacheka, akaandika. Nikasogea mbele ya mume wangu nikampa bega. Nyuma yetu walikuwa wamefika wageni kama kumi, wazima wa miguu, wanapiga picha na kututazama. Akanishika mbele ya macho yao wote, mchana kweupe, tukaanza kushuka.