Matone Yaliyolala kwenye Friza

Lebo ya chupa ya dawa ilikuwa imevimba, wino umechuruzika. Nikamuuliza mume wangu.

"Labda imemwagikiwa maji," akasema, macho kwenye simu.

Chupa ni ya binti yetu wa miaka tisa. Shuleni wanamwita Chafya. Nyasi zikichanua, chavua yake humvimbisha macho na kumziba pua. Wenzake wakikimbia uwanjani, yeye hubaki darasani, madirisha yamefungwa. Daktari wa mzio alimwandikia matone yenye chavua hiyo hiyo, kidogo kidogo chini ya ulimi kila asubuhi kwa miaka mitatu, mpaka mwili uizoee. Tuko mwaka wa pili. Msimu uliopita macho hayakuvimba, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, jina lake limo kwenye mbio za shule.

Ila wiki hii amerudi macho mekundu, kitambaa kimelowa chapachapa.

"Matone unaweka chini ya ulimi, mama?" nilimuuliza nikimpangusa.

"Naweka. Nahesabu mpaka mia na ishirini ndiyo nameza." Akapiga chafya. "Au yamechoka na friza?"

"Friza gani?"

"Ya Bibi. Wiki ya tatu sasa, huyaweka humo ukienda kazini. Baba huyatoa kabla hujarudi."

Mama mkwe, tunayeishi naye, anauza barafu na kuku waliogandishwa, na friza yake imeujaza ukumbi mzima. Kwake, kisichogandishwa kinaoza. Lakini lebo ile niliwasomea wote, mara mbili: iwekwe kwenye friji, isigandishwe.

Nilimkuta anapanga vifurushi.

"Mama, kwa nini unagandisha dawa ya mtoto?"

"Umeme ukiyumba, friji yenu imezimika. Friza yangu haijaozesha hata shingo ya kuku."

"Dawa si kuku, Mama."

"Hata hiyo dawa sijaielewa. Mtoto anaumwa na nyasi, mnamlisha nyasi. Basi mbuzi wote wangekuwa madaktari. Haya masomo yako ya jioni, mwanangu, yamekupanda kichwani."

Nilitaka kumfokea. Lakini yeye alidhani anatunza. Nikamgeukia mume wangu, aliyekuwa ananyemelea mlango.

"Wewe ulijua."

"Nilikuwa naepusha maneno, mke wangu. Nikasema, funika kombe mwanaharamu apite."

"Chini ya hilo kombe umemfunika mwanao. Wiki tatu nzima unaingiza na kutoa chupa kama mwizi, mtoto anahesabu mpaka mia na ishirini, anahesabu bure."

Akainamia simu yake. Ningependa angejibu, nipate pa kuimalizia hasira.

Nilipiga simu kliniki. Nesi alisema tusimpe tena hata tone moja. Tuchukue chupa mpya, na tone la kwanza alipate palepale, akae nusu saa wakimwangalia asije akavimba. Na mbio? Mwaka huu tusizitegemee.

"Kamwambie," nikamwambia mume wangu.

"Wewe unajua kuongea naye."

"Na wewe ulijua kunyamaza. Kamwambie, na umwambie ilikuwaje."

Alikwenda. Kupitia mlangoni nilimsikia akianza, akikwama, akianza tena. Binti yetu hakulia. Aliuliza tu, "Kwa hiyo miaka yote naanza upya?"

"Hapana. Wiki hizi tatu tu ndizo nilizokupotezea," baba yake akasema. Angalau alisema "nilizokupotezea."

Kesho yake kliniki tulikwenda wote wanne, sikumwalika mtu. Binti yetu aliinua ulimi, akahesabu kwa vidole. Nusu saa nzima mume wangu hakuigusa simu. Alimtazama mtoto midomo na shingo kama aliyeambiwa atahojiwa.

Mama mkwe akalivuta lile boksi jipya la dawa kutoka mapajani mwangu. Alilisogeza mbali na macho, akalisogeza karibu, akanirudishia.

"Nisomee," akasema. "Polepole, nishike."

Nikamsomea tangu mstari wa kwanza. Sauti yangu bado ilikuwa na ukali, na sikujaribu kuuficha. Nilipofika kwenye "isigandishwe," yeye ndiye aliyesema, "Hapo rudia."