Mkanda wa Kiti cha Mama

Laiti Mzee Turubai angemsikiliza mama mwenye duka la vifaa, lakini tangu lini dereva mstaafu akafundishwa kufunga mzigo? Maisha yake yote ya kazi aliendesha malori, na jina la Turubai alipewa na wenzake kwa sababu mzigo wake haukuwahi kufika umelegea. Sasa mzigo aliobakiwa nao ulikuwa vitu vya gerejini kwake: ngazi, magodoro mawili, makopo ya rangi iliyokauka, na kiti cha marehemu mkewe.

Kiti hicho ndicho kilichompeleka dukani. Mkewe alikuwa msusi wa viti vya henzerani, na hicho ndicho cha mwisho alichosuka kabla mikono haijamkatalia. Alisema wazi kwamba ni cha binti yao, siku atakapopata nyumba yake. Binti alikuwa bado kwenye chumba cha kupanga, chumba chenyewe ukinyoosha miguu unagusa mlango.

"Nitunzie tu, baba," alisema. "Nikihamia kwangu nitakuja kukichukua."

Mzee akakipandisha juu ya rafu, panya na maji ya mvua visikifikie. Kilichobaki ni kukifunga kisije kikaanguka.

"Chukua huu mpana wa kitambaa," mama wa duka alimshauri. "Unakishika kiti, haukiminyi."

"Huu si wa kufungia begi la shule?"

"Kwani kiti chako kinasafiri, mzee wangu?"

Wateja wawili wakacheka. Mzee hakupenda kuchekwa, hasa na watu waliokuja kununua misumari. Akachukua mkanda wa malori, ule wenye kikazio cha chuma kinacholia ka-ka-ka ukikivuta, na hata bei hakuuliza.

Alikifunga kiti kama anayevuka nacho milima. Akaugonga mkanda kwa kidole, ukavuma, roho yake ikatulia. Lakini dereva wa kweli hafungi mara moja akasahau. Kila anaposimama hulizunguka lori lake, maana mzigo ukitikiswa hujishindilia, mkanda ukalegea, ukahitaji kuongezwa. Basi kila asubuhi, hata chai hajanywa, mzee aliingia gerejini na kuugonga mkanda. Akiukuta umelegea, aliongeza ka moja, siku nyingine mbili. Huku akikaza alimsimulia marehemu mkewe, kwa sauti ya chini, binti kasema nini kwenye simu, na hizo zilikuwa dakika zake nzuri kuliko zote za siku. Hakujiuliza hata mara moja kitu kilichotulia juu ya rafu kinalegezaje mkanda.

Siku moja binti akaja na pikapu ya kukodi, uso unang'aa. Alikuwa amehamia kwake.

"Kiti changu kiko wapi, baba?"

"Kiko pale pale. Hakijasogea hata unywele," mzee alijibu kwa majivuno, akapanda ngazi kukifungua.

Mkanda ulipoachia, kiti hakikurudi umbo lake. Mikono yake miwili ilibaki imeinamia ndani, mgongo umebonyea. Pale mkanda ulipopita, henzerani zilikuwa zimekatika moja moja. Mivunjiko mingine ilikuwa ya zamani, imeshaingia vumbi. Mingine ilikuwa myeupe, ya juzi tu. Hapo ndipo mzee alipoelewa. Ulegevu wote ule aliokuwa akiukuta asubuhi ulikuwa ni kiti kikivunjika, na yeye akawahi kukaza tena.

Akakishusha. Binti akapitisha kiganja kwenye msuko, taratibu, kuanzia juu hadi chini.

"Nitatafuta fundi, mwanangu," mzee alisema. "Mzuri kabisa. Kitarudi kama kilivyokuwa."

"Fundi alikuwa mama."

Alisema bila hasira. Mzee angepata nafuu kama angefokewa, maana kufokewa alikuzoea barabarani na alijua kunajibiwaje. Alijuta mpaka akaona haya kumtazama mwanawe usoni.

Wakakibeba pamoja hadi kwenye pikapu. Mzee akainama kutafuta pa kukifunga, mazoea ni mazoea.

"Acha, baba. Nitakipakata."

Binti akapanda nyuma, akakaa chini, akakiegemeza kiti kifuani. Mzee alisimama kando ya gurudumu akilitafuta neno. Alitaka kusema nisamehe.

"Mwambie dereva apunguze mwendo," ndivyo alivyosema. "Huko mbele matuta ni mengi."

"Najua, baba."

Gari likaondoka polepole. Mikono yote miwili ya binti ilikuwa imekishika kiti, hakuweza kupunga. Mzee akampungia hivyo hivyo.