Bi Dasta na Gari la Wagonjwa

Zahanati ilipopata gari jipya la wagonjwa, walioshangilia kwanza walikuwa wauguzi, lakini aliyeligusa kwanza alikuwa mfagizi. Si kwamba alijipendelea. Gari lilifika limejaa vumbi la safari, na vumbi likionekana popote katika zahanati ile, jina lililoitwa lilikuwa moja tu: Bi Dasta.

Alikuwa mama wa miaka arobaini na sita, mfupi, mwepesi wa miguu, dasta, kile kitambaa cha kufutia vumbi, haimtoki begani. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho. Kazini alikuwa Bi Dasta, nyumbani Bi Dasta, hata mumewe alikuwa ameshazoea.

Dereva wa zahanati aliitwa Kepteni. Kwa miaka ishirini na sita aliendesha gari la zamani, lile lililofungwa mlango kwa kamba, na akalijua kama mtu anavyomjua mkewe: likikohoa anajua limekula mafuta mabaya, likinuna anajua betri imelala. Watu walimheshimu, naye alijiheshimu zaidi. Gari jipya lilipokabidhiwa kwake, alilizunguka mara moja, akapiga teke tairi, akasema, "Gari ni gari."

Lakini hili lilikuwa gari la namna nyingine. Halikuwa na tundu la ufunguo pale pembeni mwa usukani. Lilikuwa na kitufe cha kubonyeza, na ufunguo wake ulikuwa kitu cheusi kama kiberiti, unautia mfukoni tu na gari linakutambua. Kepteni akafundishwa dakika kumi na yule aliyelileta, akaitikia "sawa, sawa" kwa kila neno, na mambo yakaishia hapo.

Siku hiyo Bi Dasta aliambiwa abandue nailoni kwenye viti na atupe takataka zote zilizomo. Ndani ya kabati ya dashibodi akakuta kitabu kinene, kizito kama tofali, kina picha za gari lile lile kila ukurasa.

"Na hiki, Kepteni?"

"Tupa. Gari haliendeshwi kwa kusoma, linaendeshwa kwa mikono na miguu."

Bi Dasta alitupa nailoni. Kitabu alikifuta vumbi, akakitia kwenye mfuko wake wa kitenge.

Shida ikawa moja: kitabu kiliandikwa kwa lugha ya kigeni, na yeye shule aliachia darasa la saba. Ila nyumbani alikuwa na wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu wa sekondari mwenye nywele nyingi na ulimi wa kukata. Kila Jumapili mchana Bi Dasta humsuka. Jumapili ile akaweka kitabu mapajani pa wifi kabla hata ya kuchukua kitana.

"Leo malipo ya kusukwa ni haya. Mimi nasuka, wewe unasoma."

Wifi akageuza jalada. "Makubwa! Wifi yangu umenunua gari tusijue?"

"Soma, wewe. Kichwa usitikise, mstari utapinda."

Basi wakaenda hivyo Jumapili baada ya Jumapili. Wifi akisoma na kufasiri, Bi Dasta akisuka na kuuliza, na pakiwa na jambo la maana anafuta mafuta mikononi na kuliandika kwenye daftari la shule. Taa hii maana yake nini. Milango inajifunga lini. Ukipaki mlimani magurudumu uyaelekeze wapi. Gari linajuaje kwamba anayelichukua si mwenyewe. Wifi alianza kwa kucheka, lakini kufikia ukurasa wa themanini alikuwa akibishana naye juu ya breki ya mkono kama madereva wawili kijiweni.

"Tangu lini umeolewa na gari?" mumewe aliuliza siku moja, akisubiri chai.

"Tangu lilipokubali kufutwa bila kununa," Bi Dasta akajibu, na wifi mtu akacheka mpaka mkeka ukasogea.

Kazini, kila asubuhi alipolisafisha gari, alilinganisha daftari na gari lenyewe. Akilala chali kutazama, akifungua kifuniko hiki, akigusa kile. Asibonyeze asichokijua. Wauguzi walimwona wakadhani ni usafi tu umemzidi.

Siku moja mlango wa ubavuni ukagoma kufunguka kwa ndani. Kepteni akasema umeharibika, lazima fundi aitwe. Bi Dasta akaufungua kwa nje, akatia kidole penye ukingo wa mlango, akasukuma kikono kidogo kama kucha. "Ni kufuli ya watoto, wasifungue gari likienda. Ilisogezwa kwa bahati mbaya." Mlango ukafunguka kwa ndani.

Kepteni akamtazama kwa jicho la pembeni. "Umebahatisha."

Bi Dasta hakubisha. Lakini wiki hiyo hiyo aliona picha ya ufunguo mdogo ikiwaka kwenye dashibodi kila gari linapowashwa. Hilo hakuweza kulinyamazia.

"Kepteni, hiyo taa inasema betri ya ufunguo inakwisha."

"Bi Dasta," Kepteni alisema polepole, wauguzi wawili wakiwa karibu, "wewe una ndoo yako, mimi nina usukani wangu. Tusiingiliane."

Wale wauguzi walicheka. Bi Dasta naye alicheka kidogo ili yaishe, akaenda kupiga deki wodi ya wazazi, na akaipiga siku hiyo kwa nguvu kuliko sakafu ilivyostahili.

Siku ya nane tangu maneno yale, saa nne asubuhi, foleni ya wagonjwa ikiwa imefika mpaka uwanjani, Sista aliyesimamia zahanati alitoka wodini anakimbia. Sista hakuwa mtu wa kukimbia. Kulikuwa na mama aliyekuwa na uchungu tangu alfajiri, mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, na mapigo ya moyo wa mtoto yameanza kushuka. Alitakiwa afike hospitali kubwa ya mjini, mwendo wa dakika arobaini, akapasuliwe.

"Kepteni! Gari!"

Machela ikatolewa, yule mgonjwa juu yake akiuma shuka, mama yake mzazi akimshika mkono na kumwambia, "Jikaze mwanangu, jikaze." Kepteni akafika kwenye gari, akabonyeza ufunguo. Kimya. Akabonyeza tena. Akautikisa, akaupiga kwenye kiganja, akaupuliza. Gari limefunga milango yote, limetulia kama jiwe. Ufunguo wa akiba ulikuwa ofisi ya mjini.

Kepteni akatazama huku na huku. Akainama, akaokota jiwe la kuvunjia kioo.

"Usivunje!"

Bi Dasta alikuwa amekuja mbio, kitambaa cha deki bado kinamchuruzika mkononi. Akakiangusha. "Kepteni, usivunje. Ndani ya ufunguo kuna ufunguo. Nipe."

Pengine siku nyingine asingempa. Lakini mama kwenye machela alitoa sauti iliyomgeuza kila aliyekuwa uwanjani, na Kepteni akanyoosha mkono. Bi Dasta akasogeza kidude kidogo nyuma ya kile kiberiti cheusi, akavuta, na ukatoka ufunguo wa chuma, mwembamba, unang'aa, haujawahi kutumika. Akabandua kifuniko kwenye kitasa cha mlango wa dereva. Chini yake palikuwa na tundu. Akazungusha. Mlango ukafunguka.

Na hapo gari likaanza kupiga kelele.

Honi ililia kama inachinjwa, taa zote zikawaka na kuzima. Watoto wakalia, foleni ikavunjika, bibi mmoja mwenye mkongojo akawapita vijana akielekea getini. Kepteni akashika kichwa. "Umeliharibu! Sasa umeliharibu kabisa!"

"Sijaliharibu," Bi Dasta alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa jinsi ilivyotulia. Ukurasa ule wa kitabu aliuona mbele ya macho, pamoja na doa la mafuta ya nazi pembeni. "Linadhani sisi ni wezi. Limefunguliwa kwa chuma, halijamsikia mwenyewe. Kaa kwenye kiti. Kanyaga breki. Sasa chukua huu ufunguo mweusi, ugusishe kwenye kitufe cha kuwashia, usiuache mbali. Uguse kabisa. Haya, bonyeza."

Kepteni akafanya. Dashibodi ikawaka, kisha taa moja ikaanza kukonyeza. Injini haikuitika. Akajaribu usukani, usukani umekaza kama umechomelewa.

"Umejifunga," Bi Dasta akasema kwa nguvu kuishinda honi. "Nao ni kwa ajili ya wezi. Utikise kushoto na kulia, huku unabonyeza. Pamoja, Kepteni! Pamoja!"

Akatikisa, akabonyeza. Usukani ukaachia. Injini ikanguruma. Honi ikakatika ghafla, na uwanja mzima ukabaki kimya kiasi kwamba kila mtu alimsikia mama kwenye machela akivuta pumzi.

"Mpandisheni!" Sista akasema. Kisha akageuka. "Bi Dasta, panda na wewe. Likigoma njiani nani atalisemesha?"

Akapanda kiti cha mbele, na aproni yake, na viatu vya mpira. Njiani alisema jambo moja tu: "Usizime injini mpaka tufike." Kepteni akajibu, "Sizimi." Na lazima isemwe, aliendesha siku ile kama yeye tu alivyojua kuendesha. Mashimo aliyakwepa bila kupunguza mwendo, makutano aliyavuka kama uzi unaopita kwenye sindano, na nyuma Sista hakuhitaji kushika kitu.

Kabla ya saa sita mtoto alikuwa ametolewa. Wa kiume, mzito, mwenye hasira. Bibi yake alikuja mpaka uani kuwaambia, akawashika mikono wote wawili, dereva na mfagizi, bila kuchagua wa kushukuru zaidi.

Kepteni alienda dukani akarudi na betri ndogo, duara, kama kifungo cha koti. Hakuitia mwenyewe. Alimpa Bi Dasta betri na ufunguo, akasimama kando akitazama anavyofungua.

"Ulikuwa ukurasa wa ngapi?" akauliza.

"Wa mia na arobaini na mbili."

Kepteni akaitikia kwa kichwa. "Nilikudharau mbele za watu, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini kile kitabu sikukitupa."

"Nimeona," Kepteni akasema, na wote wawili wakacheka, cheko la watu waliokuwa wameshikilia pumzi tangu asubuhi.

Angeweza kuishia hapo, na wengi wangeishia hapo. Lakini mwisho wa mwezi, wafanyakazi walipokutana, daktari aliyekuja kutoka hospitali ya mjini alimsifu dereva kwa kuokoa maisha mawili, na Kepteni akasimama, akavua kofia. "Daktari, niliyeendesha ni mimi. Lakini gari liliwashwa na Bi Dasta. Alinionya kuhusu betri siku nane kabla, nikamjibu ovyo. Mimi nastaafu mwakani. Mkitafuta dereva wa kunirithi, msiende mbali."

Watu wakageuka. Bi Dasta alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali alipozoea kukaa ili atoke mapema akatayarishe chai. Hakuinama. Alitamani wifi yake angekuwepo.

Kepteni alimfundisha yeye mwenyewe, kila jioni kwenye uwanja wa mpira, miezi mitano. Hakuwa mwalimu mpole. Akimwona ameshuka bila kuzima injini, anamrudisha aanze upya. Akisahau kuvuta breki ya mkono, anamzungusha uwanja mara tatu. Naye Bi Dasta, wakipumzika, humsomea kutoka kwenye daftari, na yule mzee wa miaka ishirini na sita barabarani akawa anasema, "Hebu rudia hapo kwenye taa za ukungu." Siku ya mtihani, ofisa alimpandisha mlima, akamteremsha, akampaki kati ya malori mawili, akatafuta kosa mpaka akachoka. Jioni ile wifi aliishika leseni kwa mikono miwili, akasoma jina lote lililoandikwa pale, la kwanza hadi la mwisho, kwa sauti, kama anayeita mshindi jukwaani. Mumewe akapiga makofi. Bi Dasta akajifanya ana kitu jikoni.

Kepteni alipostaafu, usukani alikabidhiwa yeye. Safari yake ya kwanza peke yake ilikuwa Jumanne, na mzee aliyevunjika nyonga. Aliendesha taratibu, mzee akapata hata usingizi. Kwenye geti la hospitali kubwa mlinzi alisogea, akachungulia dirishani, akaona mama mfupi aliyevaa sare iliyopigwa pasi, amekaa juu ya mto mdogo ili aione barabara vizuri.

"Mama, dereva yuko wapi?"

"Unaongea naye," Bi Dasta akasema. "Fungua geti, mwanangu, nina mgonjwa."

Geti likafunguliwa, naye akaingia.