Upepo wa Uatea

Selepa aliisukuma pikipiki kutoka nyumbani hadi kwa Semese bila kuipanda, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kiti, akigeuka kila mara kuangalia kama msumari bado uko mahali pake. Ulikuwa msumari wa bati, umezama kwenye tairi la nyuma mpaka kichwani. Asubuhi hiyo bahari ilikuwa imepanda kupitia ardhini, kama inavyofanya mwezi ukiwa mpevu, na maji ya chumvi yalifika vifundoni kuanzia kanisani hadi ukingo wa uwanja wa ndege. Watu walimsalimia wakapita. Hakuna aliyemuuliza kwa nini hapandi.

Pikipiki ilikuwa ya Uatea, mwanawe wa kwanza, aliyepotelea baharini. Tangu siku alipoondoka kwenda kufanya kazi kwenye meli za mizigo ilikuwa imesimama chini ya upenu, imefunikwa mkeka, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuikalia. Lakini jana yake Tanei, mtoto wa pili, alikuwa na haraka ya kwenda kutia sahihi ofisini kwa watu wa meli, akaichukua bila kuomba. Alirudi akiikokota, uso chini. Selepa hakumgombeza. Alimwambia neno moja tu, asiung'oe msumari.

Semese alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na alikuwa akiziba pancha chini ya bati lake miaka yote, mvua na jua. Alimwona akija, akaweka spana chini.

"Shemeji! Wewe unaisukuma pikipiki au yenyewe ndiyo inakusukuma?"

"Usiguse msumari," alisema Selepa.

"Mh. Hata salamu hakuna. Nani alijaza hilo tairi?"

"Uatea."

Semese aliacha utani. Aliifuta mikono yake kwa kitambaa, polepole kuliko ilivyohitajika.

Kisiwani hapo kila mtu anajua kwamba upepo wa tairi hutunza maneno ya aliyeujaza. Mtu akisema huku akipampu, maneno huingia pamoja na upepo na kukaa humo mpaka siku ya pancha, yakatoka mara moja na yasirudi tena. Ndiyo maana wenye busara hupampu wakiwa wamefunga midomo. Shemasi mmoja alimtukana refa wa mpira wakati akijaza tairi la mbele, na matusi yake yakamtokea miezi kadhaa baadaye mbele ya kwaya nzima. Upepo wa mashine ya kituo cha mafuta hauna neno, lakini mashine hiyo iliharibika zamani na kipuri chake bado kinasubiriwa. Semese, kwa heshima ya kazi yake, anapong'oa msumari humgeuzia mwenye tairi mgongo na kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya juu mpaka upepo uishe.

"Hakuna namna ya kuuhamisha?" Selepa aliuliza.

"Kuna mjane alijaribu na mfuko wa nailoni. Alibaki na mfuko."

"Na tukiuacha hivihivi?"

"Utavuja, shemeji. Leo neno, kesho neno, kuku ndio watakaosikia. Msumari wenyewe umeshaanza kushika kutu kwa haya maji."

Selepa alikaa kwenye kreti. Jirani zake wote waliofiwa walikuwa na kaburi mbele ya nyumba, la kufagia na kuwekea maua, la kukaa kando yake jioni na kulisimulia habari za siku. Uatea hakuwa na kaburi. Wenzake walimkosa kwenye chai ya asubuhi, meli ikiwa katikati ya bahari, na kampuni ikasema alikwenda mwenyewe sehemu asiyoruhusiwa, mambo yakaishia hapo. Selepa alibaki na tairi. Alikuwa akiliweka kama mtu anavyoweka akiba, kwa ajili ya siku atakapozidiwa kabisa. Zilikuwa zimekuja siku nyingi za kuzidiwa, na kila mara alijiambia bado.

"Haya," alisema. "Toa."

Semese alifungua gurudumu, akalegeza tairi kwa vyuma vyake viwili, akavuta tyubu kwa uangalifu, msumari ukiwa bado umeng'ang'ania. Akaileta kwenye beseni la maji. Kisha akageuka na kukohoa kidogo kusafisha koo.

"Usiimbe leo," alisema Selepa. "Nataka nisikie yote."

Akauchomoa msumari mwenyewe.

Mapovu yalipanda, na sauti ya Uatea ikatoka, ikihema kidogo kama ya mtu aliyeinama.

"Haya, mama. Hii itakufikisha kanisani mpaka nitakaporudi." Akacheka peke yake. Akapiga mluzi. Kwa muda kukawa na mapovu matupu, halafu sauti ikarudi chini zaidi. "Hajalia. Tangu jana hajalia hata chozi." Mapovu. "Akitoka tu hapo jikoni akaniambia baki, nabaki. Narudisha na hili begi ndani." Mapovu tena, mengi. "Ngoja niongeze kidogo. Nikimaliza hajatoka, basi nakwenda." Kisha, mapovu yakipungua: "Ngoja niongeze tena."

Maji yakatulia. Tyubu ililala kwenye beseni imesinyaa.

"Ndiyo maana lilikuwa gumu kama jiwe," Semese alisema bila kumwangalia. "Mimi nilidhani ni nguvu za ujana tu."

Selepa alikuwa jikoni siku ile. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango akiuma kitambaa ili sauti isitoke, kwa sababu katika ukoo wao mama hamlilii anayekwenda baharini. Machozi hulowesha njia ya msafiri. Mama yake alifanya hivyo kwa kaka zake, na bibi yake kabla ya hapo, na Selepa alikuwa ameona fahari moyoni kwamba naye aliweza. Aliusikia mlio wa pampu ukiendelea na kuendelea, akashangaa kwa nini mtoto anachukua muda mrefu hivyo, akaomba Mungu amalize haraka kabla kitambaa hakijamshinda. Majuto ni mjukuu, na huyu alikuwa amekuja na meno yote.

Alilia sasa, kwa sauti, kwenye kreti ya Semese, miguu yake ndani ya maji ya chumvi. Semese alimwacha. Alikwaruza tyubu kwa msasa, akapaka gundi, akaipuliza ikauke, akabandika kiraka na kukigandamiza kwa kiganja cha mkono mpaka kikashika.

"Tanei anaondoka lini?" aliuliza hatimaye.

"Alhamisi. Kwa kampuni ileile."

"Mwambie abaki."

"Abaki ale nini, Semese? Mashimo ya magimbi ya pulaka yote yameingia chumvi. Mizizi inaozea humo humo."

"Basi lia mbele yake. Japo kidogo. Ajue."

"Niwe mimi wa kwanza kwenye ukoo? Halafu meli yake ipatwe na jambo?"

Semese aliinamia tairi. Yeye mwenyewe alikuwa na kijana melini, na mkewe hakulia. Alirudisha tyubu ndani ya tairi, akafunga gurudumu, akachukua pampu.

"Lete," alisema Selepa.

Akampa. Selepa aliikanyaga pampu kwa miguu yote miwili, akashika mpini, akaanza.

"Usiende," alisema, akasukuma. "Usiende, baba. Usiende, mwanangu." Kila akishuka alilisema neno hilo, na kila akipanda alivuta pumzi ya kulisema tena.

Semese aligeuka, akauelekeza uso wake baharini, akaimba wimbo wa kanisa beti zote. Alipofika mwisho bado Selepa alikuwa akipampu, ikabidi aanze upya.

Alhamisi Tanei alimbeba mama yake kwenye pikipiki hiyo hadi uwanja wa ndege, begi likiwa mapajani mwa mama. Njia yote walipita juu ya maneno yale, na tairi zima halisemi kitu. King'ora cha ndege kilikuwa kimeshalia, watoto na mbwa wameondolewa kwenye njia ya kurukia, na akina mama wengine wenye vijana wa meli walikuwa wamejipanga kando ya uzio, macho makavu. Selepa alishuka akasimama kati yao.

Tanei aliegesha pikipiki. Alimtazama mama yake usoni kwa muda, kama anayetafuta kitu, asikione. Akainama, akalibonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba.

"Ami Semese amelijaza kweli," alisema. "Gumu hili!"

"Nimelijaza mimi," alisema Selepa.

"Basi hutapata pancha leo wala kesho, mama," alisema Tanei, akabeba begi lake akaenda kwenye ndege.